Ukuta wa Chokaa na Nili

Kwa siku ya tatu mfululizo, Digambar Athavale aliagiza ukuta uongezwe buluu.

"Kidogo tu," alisema. "Bado una homa ya manjano."

Ketaki Bhosekar alizungusha gurudumu lililokuwa chini ya vidole vyake. Kwenye skrini, ukuta wa nyumba ya mjane ulitoka katika weupe, ukafanana na shati la shule lililofuliwa na mtu asiyejua kupima nili. Alisubiri. Mzee aliinama mbele, mikono miwili juu ya mkongojo, akautazama ukuta huo bila kupepesa.

"Unakaribia," alisema. "Ongeza."

Ketaki aliongeza. Kazi yake ilikuwa kurudisha rangi katika filamu zilizochujuka, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na miwili katika chumba hiki cha Andheri, Bombay, kisicho na dirisha. Alizoea wazee waliokumbuka mambo vibaya. Hakuzoea mzee aliyekumbuka kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja.

Filamu yenyewe iliitwa Chune ka Ghar, yaani Nyumba ya Chokaa. Ilipigwa katika mji wa Chanderi miaka arobaini na sita iliyopita, na mwongozaji wake, Suryakant Nigam, alikuwa amefariki. Ilihusu mjane kijana aliyefungiwa ndani ya nyumba ya wakwe zake kwa mwaka mzima. Katika saa moja na dakika hamsini, watu wake walitamka sentensi kumi na moja tu. Yaliyobaki yote yalisemwa na mwanga uliotembea juu ya ukuta mweupe kuanzia alfajiri hadi magharibi, na mwanamke aliyevaa sari nyeupe mbele ya ukuta huo. Ukuta ukikosewa, hakuna hadithi iliyobaki.

Filamu hiyo haikuwahi kuuzwa ili watu waitazame nyumbani. Waliowahi kuiona waliiona ukumbini zamani, au katika nakala za wizi ambamo mjane alionekana kama doa la chai. Sasa ilikuwa inatolewa kwa diski kwa mara ya kwanza. Negativu, ile filamu ya asili iliyopita ndani ya kamera, ilikuwa imepatikana, lakini rangi zake zilikuwa zimechujuka bila mpango, na hapakuwa na nakala nzuri ya kulinganishia. Palikuwa na shahidi mmoja tu aliye hai kati ya watu wa kamera, mzee Athavale, mpiga picha mwenyewe, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Alikuja kutoka Pune kila asubuhi kwa treni, shati limenyooshwa, daftari la mwaka ule mfukoni.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo yaliandikwa maneno matatu ambayo Nigam alimwambia kabla ya siku ya kwanza ya kazi: Ukuta usiongope kamwe.

"Maana yake ni nini?" Ketaki alikuwa amemuuliza.

"Maana yake ni hiyo hiyo. Mwenye nyumba hiyo akiingia ukumbini, aseme, huu ni ukuta wangu. Nigam hakutaka uzuri. Alitaka ukuta."

Walipumzika saa tano. Mzee alikunywa chai yake akiipoza kwenye kisahani, kisha akautazama mtandio wa Ketaki.

"Nguo nyeusi mchana kutwa, binti. Huogopi mkosi?"

Mtandio ulikuwa wa buluu iliyokolea. Ketaki aliushika ncha, akautazama kama vile ungeweza kuwa umebadilika njiani.

"Hapana, mzee," alisema.

"Vizuri. Mimi nina mkwe anayetaka kunizika kabla ya wakati. Mwezi wa kwanza alinipeleka kwa daktari. Daktari akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, nipasuliwe mara moja. Nikamwambia asubiri. Nina filamu ya kumaliza." Aliweka kisahani chini kwa uangalifu. "Mpiga picha habadilishi lenzi katikati ya onyesho. Lenzi niliyoipigia ndiyo nitakayoimalizia. Ama sivyo?"

Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayesimulia jinsi alivyokataa rushwa. Ketaki aliutazama tena mtandio wake. Alijua mtoto wa jicho ni nini, maana kila mtu wa kazi yake hufundishwa. Ni kioo cha manjano, kisha cha kahawia, kinachowekwa mbele ya macho polepole kiasi kwamba mwenyewe hatambui kinapowekwa. Mtu anayetazama kwa kioo hicho huona kila cheupe kina manjano. Akipewa gurudumu, ataongeza buluu mpaka aridhike. Naye hataridhika.

Behram Kapadia alifika saa saba na chakula. Yeye ndiye aliyekuwa anaitoa diski hiyo. Alikuwa Mparsi mnene wa miaka hamsini, aliyetoa filamu ambazo hakuna mtu mwingine aliyezitaka na ambaye hakuacha kujicheka kwa sababu hiyo. Mzee alikuwa anasinzia kwenye kochi la chumba cha nje. Ketaki alimvuta Behram kando, akamweleza.

Behram alitazama skrini. "Nami nilidhani ni bahari."

"Si mzaha, Behram."

"Najua si mzaha. Jalada liko kwa mchapaji. Limeandikwa, rangi zimeidhinishwa na mpiga picha. Ijumaa faili zinakwenda kiwandani." Alifungua kopo la dengu, akalifunga tena. "Sikiliza. Mwache aidhinishe anachotaka. Akipanda treni, wewe rudisha ukuta wako. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe unalipwa ili usijue."

"Na jina lake litakuwa juu ya kitu ambacho hakukiona. Watu watasema, mwenyewe alisema iwe hivi."

"Basi mwache na ukuta wake wa buluu. Filamu ni yake."

"Filamu ni ya watatu. Mmoja amekufa, mwingine haoni, na wa tatu ni ukuta."

Behram hakucheka. "Mwambie basi, mwanangu. Mwambie, mzee, macho yako yamekwisha."

Ketaki alimtazama mzee kupitia mlango. Alikuwa amelala wima, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya daftari. Mtu huyu alikuwa ameacha kupona kwa ajili ya ukuta. Kumwambia kwamba yeye hauoni ukuta huo sawasawa kulikuwa ni kumwambia kwamba amejitolea bure, na zaidi ya hapo, kwamba yeye ndiye anayeuharibu. Na angeambiwa na nani? Na mwanamke ambaye hakuwa amezaliwa kamera ile ilipowashwa.

Jioni hiyo Ketaki alikwenda kwa mama yake, mtaa wa Dadar, na hakula vizuri. Mama yake alimuuliza mara moja tu, kisha akaendelea kuchambua mchele. Ketaki alieleza. Alipofika kwenye ukuta, mama yake aliinua kichwa.

"Waliweka nili?"

"Wapi?"

"Kwenye chokaa. Umesahau kwetu Satara? Kila mwaka kabla ya Diwali. Chokaa peke yake hugeuka rangi ya meno. Lazima utie nili ndipo weupe uwe weupe."

"Kiasi gani?"

"Inategemea mpakaji. Kila nyumba na mkono wake." Mama alipeta mchele. "Lakini haipimwi kwa macho. Chokaa mbichi ni mwongo mkubwa, mwanangu. Ikiwa na maji ni kijivu, ukiitazama utatia nili mpaka ujute. Rangi yake utaiona kesho ikikauka. Ndiyo maana tunapima kwa vidole. Vidole havidanganyiki."

Ketaki aliacha kijiko.

Asubuhi alimwomba Behram namba ya mwanamke aitwaye Phoolmati Ahirwar. Behram alikuwa amemhoji Chanderi mwaka uliopita kwa ajili ya nyongeza za diski, kwa sababu yeye ndiye aliyepaka ile nyumba akiwa na miaka kumi na tisa. Simu iliita muda mrefu.

"Filamu ipi?" sauti iliuliza. "Ile ambayo hakuna anayesema?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Waliileta hapa shuleni wakaionyesha kwenye shuka. Mume wangu alilala kabla yule mjane hajamaliza kuteka maji. Alipoamka, bado alikuwa anateka."

"Mama, ule ukuta. Ulipaka kwa nini?"

"Kwa mikono, kwani kwa nini? Niliupaka mara nne. Kila ukichafuka, wananiita."

"Namaanisha mchanganyiko."

"Aa. Ndoo moja ya chokaa iliyolala majini siku tatu. Gundi ngumi moja. Chumvi nusu ngumi. Nili vidole vitatu."

"Vidole vitatu mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya tatu ukitia, umepata ukuta wa dobi. Mama mkwe wangu angenirudisha kwetu."

"Na bwana wa kamera hakukuambia uongeze?"

"Yule mrefu? Alikuja akasimama nyuma yangu. Nikadhani ataanza kunifundisha, maana wageni wote hufundisha. Akasema, paka kama unavyopaka kwako. Basi. Ndiyo sababu namkumbuka. Yu hai?"

"Yu hai."

"Mwambie bado napaka hivyo hivyo. Nyumba zenyewe ndizo zinazopungua."

Siku hiyo Ketaki alimtumia mzee ujumbe kwamba mashine ina hitilafu, arudi Alhamisi. Ulikuwa uongo, na aliuona mchungu. Kisha alinunua chokaa iliyokwisha kulowekwa katika duka la vifaa vya ujenzi, na kichupa cha unga wa nili kutoka kwa muuza sabuni. Alichanganya kwenye ndoo juu ya paa la jengo. Alichota nili kwa vidole vitatu, mara mbili, na alipoona mchanganyiko bado ni kijivu, vidole vyake vilitaka kwenda mara ya tatu. Aliviacha vining'inie hewani. Kisha akavifuta kwenye nguo yake. Alipaka bao la saruji mikono mitatu, akauacha kila mkono ukauke juani kabla ya kupaka mwingine. Alhamisi asubuhi alilikuta bao jeupe. Haukuwa weupe wa karatasi. Lilikuwa na ubaridi ndani yake, kama maziwa yaliyotiwa kivuli.

Mzee Athavale alifika saa nne kamili. Akaketi mahali pake. Ketaki alikuwa ameuacha ukuta kwenye skrini kama alivyouagiza yeye mwenyewe Jumanne. Kando ya skrini alisimamisha bao, akawasha juu yake taa ya kipimo, ile yenye mwanga unaolingana na mchana.

"Hilo ni nini?"

"Nimempigia Phoolmati wa Chanderi, mzee. Amenipa mchanganyiko wake. Anakusalimu. Anasema bado anapaka hivyo hivyo."

Uso wa mzee ulifunguka. "Yule binti. Alikuwa na mkono mzuri kuliko seremala." Alisogea mbele, akalitazama bao. Kisha skrini. Kisha bao. Uso ukafungika tena.

"Bao hili ni la manjano," alisema. "Umekosea. Hukutia nili."

"Nimetia."

"Kiasi gani?"

"Vidole vitatu, mara mbili. Kama alivyosema."

"Umetia mwenyewe au umetuma mtu?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi nili yako ni mbovu. Siku hizi wanachanganya na majivu. Ilete niione."

Ketaki alileta kichupa. Mzee alikinyanyua mbele ya taa, akakizungusha. Ni kitu cha buluu kuliko vyote vilivyomo katika nyumba za watu, kiasi kwamba mtoto akikimwaga, sakafu hukikumbuka kwa mwaka. Mzee aliendelea kukizungusha kwa muda mrefu. Aliimimina nili kidogo kwenye kiganja chake, akasogeza kiganja karibu na macho.

"Hii ni masizi," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimeinunua jana, mzee."

Behram, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama viatu vyake. Mzee aliushusha mkono wake ukatua juu ya goti na kuacha alama kwenye suruali iliyonyooshwa vizuri. Yeye hakuiona ile alama, au aliiona nyeusi.

"Ule mtandio wako wa Jumanne," alisema mwishowe. "Ulikuwa wa rangi gani?"

"Buluu."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu anayehesabu vituo vya treni alivyokwisha kuvipita.

"Tangu lini?"

"Sijui, mzee. Huja taratibu. Mwenyewe hajui."

"Unajua ukungu wa lenzi?"

"Najua."

"Mtu wa Bombay ananunua lenzi nzuri. Anaipenda. Anaogopa kuitumia, anaifungia kwenye kasha, anaweka kasha juu ya kabati. Masika yanapita, mawili, matatu. Siku ya harusi ya bintiye anaitoa, na ndani imeota ukungu. Maishani mwangu nimewacheka watu hao." Alitoa leso, akafuta kiganja. "Nilidhani ninaitunza."

Ketaki alivuta kiti cha pili karibu na meza, akageuza gurudumu upande wa mzee.

"Bado unaweza kuimaliza," alisema. "Usikumbuke chochote. Usiniulize mimi rangi ni ipi. Bao liko hapa na ukuta uko pale, na unavitazama vyote viwili kwa macho yale yale. Kama macho yako yana manjano, yanavitia manjano vyote viwili. Vifananishe tu."

Mzee alifikiri. Alikuwa fundi, na hoja ya fundi humfikia fundi hata akiwa katika msiba. Alitazama bao, kisha skrini.

"Ukutani kuna buluu nyingi mno," alisema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nakuambia leo."

Alinung'unika kitu kwa Kimarathi ambacho hakikuwa laana wala baraka. Kisha akaweka vidole vyake vyenye nili juu ya gurudumu.

Alipunguza. Ukuta ukatoka katika shati la shule. Akapunguza tena, akasimama, akarudi nyuma nusu, akaenda mbele robo. Ketaki alikuwa akingoja ufike pale alipouweka yeye mwenyewe kabla mzee hajaja, kwenye ule weupe safi aliokuwa na hakika nao. Haukufika. Mzee aliusimamisha kabla ya hapo, akaondoa mkono.

"Hapo," alisema.

Ketaki alitazama. Mwanzoni aliona kosa. Kisha aliona kitu kingine. Katika weupe wake yeye, sari ya mjane ilikuwa imepotelea ukutani, na alikuwa ameamini kwamba filamu ndivyo ilivyotaka. Katika buluu ya mzee, sari ilikuwa imezama pamoja na ukuta. Sasa ukuta ulikuwa baridi kidogo, na pamba ya sari haikuwa baridi. Mwanamke alikuwa amesimama pale, peke yake, ametengwa na nyumba kwa tofauti ya vidole vitatu vya nili, mara mbili.

"Nami nilikosea," alisema.

"Wewe hujawahi kupaka nyumba," alijibu mzee. "Twende onyesho la pili."

Walifanya kazi hadi saa kumi na moja. Kila mara mwanga wa filamu ulipobadilika, Ketaki alibadilisha taa ya bao ifuate saa ya onyesho, asubuhi, adhuhuri, magharibi, na mzee alifananisha. Hakulalamika wala hakusimulia lolote. Mara moja tu, mjane alipoketi chini ya dirisha, alisema, "Nigam alilia hapa," kisha akaendelea.

Walipomaliza, Behram aliweka karatasi ya idhini mbele yake. Mzee aliisoma kwa kuisogeza mbali na karibu. Alichukua kalamu, akafuta mstari mmoja, akaandika juu yake kwa herufi za kiufundi zilizonyooka. Behram alisoma kwa sauti.

"Rangi zimefananishwa na ukuta, mpiga picha akiwepo."

"Bwana Athavale, jalada limeshachapwa," alisema Behram.

"Lichapwe tena."

"Hakuna mtu atakayeelewa."

"Phoolmati ataelewa," alisema mzee. "Mpelekee moja."

Behram alimtazama Ketaki kutafuta msaada. Hakuupata. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema kwamba alikuwa anajua tangu utotoni kwamba sanaa itamuua, ila alidhani itakuwa haraka zaidi.

Diski ilitoka baada ya miezi miwili. Ketaki alipata nakala tatu, akampelekea mama yake moja. Wiki ya pili, saa nne asubuhi, simu iliita kutoka Pune.

"Binti, nimepasuliwa jicho la kulia," alisema mzee Athavale. "La kushoto bado. Mkwe wangu anasema daktari ananingoja."

"Unaonaje?"

"Ninaona kwamba jikoni kwetu ni kwa buluu. Miaka yote hii nilidhani ni kijani. Nimeitazama filamu jana. Mara ya kwanza kwa jicho jipya, la kushoto nimelifunika. Kisha nikabadilisha. Kwa jicho la zamani ni magharibi tangu mwanzo hadi mwisho. Si vibaya, lakini si filamu yetu."

"Na kwa jipya?"



"Mwenye nyumba akiingia, atasema, huu ni ukuta wangu," alisema.

Ketaki aliketi kwenye ukingo wa meza yake. Mzee hakukata simu.

"Onyesho la kisimani, lakini. Dakika ya sitini na mbili. Kivuli cha ndoo kina kijani. Unywele mmoja tu, lakini kipo."

Ketaki alifungua faili akatazama. Kilikuwepo.

"Zimeshatoka kiwandani, mzee. Hatuwezi kurekebisha."

"Najua haturekebishi," alisema. "Nakuambia ili ujue kwamba nimekiona."